Kijiti Kilichonidanganya

Napenda kuwaeleza wasomaji kosa nililolifanya mwenyewe, lisije likampata mwingine.

Mimi ni karani wa parokia hapa Themi, Arusha. Gari letu ni mojawapo ya yale yaliyotumika Japani kabla ya kuletwa kwetu. Ni la otomatiki, yaani giya zake hujibadilisha zenyewe kwa nguvu ya oili. Wakati wa masika fundi alitushauri tubadili oili ya giaboksi na chujio lake. Niliposikia gharama nikasema moyoni, "Mimi niliyepita Chuo cha Ualimu nishindwe na bolti?" Kitabu cha gari kilikuwa cha Kijapani, nami nikatazama picha tu.

Nikafungua bakuli la chini la giaboksi, ikamwagika oili nyeusi inayonuka kuungua. Sikuipima. Nikatia chujio jipya, nikafunga, nikamimina oili mpya hata kijiti cha kupimia kikaonyesha kuwa imejaa. Injini ilikuwa imezimwa, tena baridi. Nikanawa mikono na kujisifu.

Usiku wa tatu alikuja kijana kumwita Padre. Bibi yake alikuwa mahututi, huko juu katika miteremko ya Mlima Meru. Niliendesha mimi. Penye tambarare gari lilikwenda vema, lakini tulipoanza kupanda, injini ilinguruma na gari halikusogea. Padre akashuka, akachukua Ekaristi na mafuta matakatifu, akapanda kwa miguu matopeni pamoja na yule kijana. Nilibaki gizani nikisali Rozari, na kila fumbo nikamwona yule bibi akifa bila Padre kwa ajili yangu.

Mungu ni mwema. Padre alimkuta hai, akampa Sakramenti. Kabla ya mapambazuko akafariki.

Ningeweza kusingizia uzee wa gari, lakini nilimweleza Padre yote. Akaniuliza neno moja tu: "Ulipima?" Nikainamisha kichwa.

Asubuhi fundi alikuta oili imepungua zaidi ya lita 1. Akaiongeza, gari likapanda. Kisha akanifundisha hivi:

Gari likae mahali tambarare, magurudumu yazuiwe kwa mawe, na libebwe na stendi imara za chuma. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

Oili inayotoka ikusanywe na kupimwa. Katika magari mengi madogo hutoka lita 3 au 4 tu, maana nyingine hubaki ndani. Rudisha kiasi kile kile, cha aina iliyoagizwa kwa gari lile. Si kila oili nyekundu inafaa.

Futa sumaku zilizomo bakulini. Vumbi laini la kijivu ni la kawaida, lakini vipande vya chuma ni dalili ya ugonjwa. Bolti zikazwe kidogo kidogo, kwa kupishana.

Mwisho, washa injini. Huku umekanyaga breki, pitisha mkono wa giya kila mahali, kisha uurudishe kwenye P. Oili ikisha kupata moto, tazama kijiti injini ikiwa inanguruma. Katika magari mengi injini ikizimwa, oili iliyo juu hushuka bakulini, na kijiti huonyesha imejaa nayo haijajaa. Hapo ndipo niliponaswa. Magari mengine hupimwa kwa njia nyingine, na mengine hayana kijiti kabisa. Hayo mwachie fundi.

Tena oili chafu usiimwage mferejini. Maji ya Mto Themi humwagilia mboga za wenzetu walio chini.

Ndugu zangu, kufanya kazi nyumbani ili kuokoa fedha si kosa. Kosa langu lilikuwa kuona haya kuuliza, na haya yangu nusura ailipe bibi wa watu. Kuuliza si ujinga.