Wajane wa Kasubi

Kilima cha Kasubi ki ndani ya jiji la Kampala. Kabaka Mutesa wa Kwanza alijenga jumba lake hapo mwaka 1882, na mwaka 1884 akazikwa humo humo. Baadaye waliletwa Mwanga, Daudi Chwa na Mutesa wa Pili, aliyefariki London mwaka 1969.

Atafutaye nasaba ya wafalme hao hukuta jamaa kubwa kuliko alivyotazamia. Mutesa wa Kwanza peke yake anatajwa kuwa na wake 84, na kila mmoja alikuja na ukoo wake. Tena, Waganda hufuata ukoo wa baba, lakini Kabaka hufuata ukoo wa mama. Basi mfalme na babaye waweza kuwa wa koo mbili. Asiyeijua desturi hiyo hupotea mapema.

La ajabu zaidi ni wajane. Mmoja akifariki, ukoo wake humleta mwanamke mwingine kushika nafasi yake. Ndiyo sababu mfalme aliyezikwa zaidi ya miaka 100 iliyopita angali na wajane wanaolinda kaburi lake, huku wakisuka mikeka.

Usiku wa tarehe 16 Machi, 2010, moto uliliteketeza jumba kuu. Ujenzi ulichukua miaka mingi, na mwaka 2023 UNESCO ikaliondoa eneo hilo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, na chini ya paa zimerudishwa pete 52, moja kwa kila ukoo wa Buganda.