Kujenga Zana Toka Chanzo: Tuliyoyaona Kisenyi

Wasomaji wetu huenda wakastaajabu kuona kurasa hizi, zilizozoea mambo ya ngeli, mashairi na methali, zikibeba safari hii habari za mota iliyoungua na kompyuta kuukuu. Watuwie radhi. Jambo lenyewe lilitufika tukiwa katika kazi yetu ya kufundisha Kiswahili, tena lilitugusa pale hasa tunapojidhania kuwa mabingwa, yaani katika maneno. Kwa hiyo hatukuona vema kulinyamazia.

Mwaka 2023 tulikuwa tukiendesha darasa la jioni huko Kisenyi, mtaa wa Kampala ulioko bondeni, chini ya vilima vya Mengo na Old Kampala. Wakazi wa jiji huuita mtaa huo Mogadishu Ndogo kwa sababu ya wingi wa Wasomali, lakini mwenye kusikiliza kwa makini atasikia pia Kiganda, Kinubi, Kinyankole, na Kiswahili cha watu waliotoka Kongo. Hapo pana wachomeleaji, wafua mabati, wauza vyuma chakavu, na mashine nyingi za kusaga mahindi. Ubao wetu ulitundikwa kwenye ukuta ambao ng'ambo yake palikuwa na mojawapo ya mashine hizo, mali ya mama mmoja ambaye mtaa mzima humwita Hajati. Mashine ikisaga, tulifundisha kwa kupiga kelele, na madaftari yote yalikuwa meupe kwa vumbi la posho.

Jioni moja mngurumo ulikatika ghafula, ikafuata harufu ya kitu kilichoungua. Tuseme kweli: tulifurahi. Tulimaliza somo la vitenzi vya kutendesha kwa utulivu ambao hatukupata kuuona tangu tufike. Siku ya pili ndipo tulipoutambua ujinga wa furaha yetu, kwani wapagazi sita wa Hajati walikuwa hawana kazi, na wanne kati yao walikuwa wanafunzi wetu. Nafasi zao zilikuwa tupu. Mtu aliyeshinda na njaa haji usiku kujifunza ngeli.

Mota kubwa kama ile hutumia umeme wa fezi tatu, volti 415 baina ya fezi na fezi. Fezi moja ikikatika mota ikiwa inazunguka, mota haisimami. Huendelea kujikokota, ikivuta mkondo mkubwa mno katika fezi mbili zilizosalia, mpaka waya zake za shaba ziungue. Hajati hakuwa mzembe. Alikuwa amenunua kisanduku cha kuilinda, kwa bei isiyo ndogo, kwa muuzaji ambaye hatutamtaja. Lakini kisanduku kile kilikuwa na adabu za nchi nyingine. Kila jioni, umeme wa mtaa mzima uliponyong'onyea kidogo, kilidhani ni hatari, kikaizima mashine. Hajati alipoomba kiwango hicho kibadilishwe, aliambiwa kwamba kimo ndani ya programu dhibiti, yaani maagizo yanayokaa ndani ya chombo chenyewe, na kwamba kiwanda hakimpi mtu msimbo wake. Basi wapagazi, waliolipwa kwa gunia, wakakipitishia kisanduku waya wa pembeni ili umeme usipite kwake. Hatuwezi kuwalaumu. Nani atakubali kuzimiwa riziki yake kila jioni?

Jirani wa Hajati alikuwa fundi kijana atengenezaye simu, aliyezaliwa papo hapo Kisenyi, baba yake Mnubi wa Bombo. Alijitolea kutengeneza mlinzi mwingine wa mota kwa kutumia Raspberry Pi Pico, kibao kidogo kilichoanza kuuzwa Januari 2021 kwa dola 4 za Kimarekani (kikifika Kampala bei huwa imepanda). Kibao hicho kina milango mitatu ya kupimia volti, nazo fezi ni tatu. Kila fezi ingepunguzwa nguvu kwa transfoma ndogo, kisha ikapewa mlango wake. Kikwazo hakikuwa kibao. Kikwazo kilikuwa zana za kuandikia programu yake, na hapa kijana alikuwa na sharti lililotushangaza: hakutaka zana zilizokwisha tengenezwa. Alitaka kuzijenga mwenyewe toka msimbo chanzo, yaani toka maandishi ya asili ya wale waliozibuni.

Tulimwuliza kwa nini ajitie katika taabu hiyo.

"Mwalimu," alijibu, "mimi nilipikia jiko la kuazima, nikalala njaa."

Alikusudia Januari 2021. Wakati huo aliandika programu zake katika tovuti moja, nayo tovuti ikamfanyia kazi yote ya kuzigeuza. Tarehe 13 mwezi huo, mkesha wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Uganda nzima, ikakaa hivyo kwa muda wa siku tano hivi. Alikuwa na kazi ya mteja mkononi, kibao kiko mezani, kompyuta inafanya kazi, lakini hakuweza kubadilisha hata herufi moja. Tulimwambia kwamba zana zilizotengenezwa tayari nazo zingekaa katika diski yake wala zisingehitaji intaneti. Alikubali. Ila kompyuta yake ilikuwa ya zamani, ya biti 32, na zile zitolewazo na kampuni ya Arm yenyewe kwa Linux zimetengenezewa kompyuta za biti 64. Nadhani angeweza kupata nyingine kwa wasambazaji wa Linux; lakini tuliona kwamba hakuwa tena akitafuta urahisi.

Tumruhusu msomaji ajue kidogo kazi yenyewe ilivyo. Chipu haielewi maandishi ya binadamu. Hutakiwa programu iitwayo kompaila iyageuze. Kompaila aliyoitaka ni GCC, ambayo Richard Stallman aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1987, na msimbo wake wote uko wazi. Mafaili yaliyofungwa hayakufika megabaiti 200 kwa jumla, lakini yakifunguliwa na kujengwa hula gigabaiti kadhaa. Kwanza hujengwa zana za kuunganishia, ziitwazo binutils; kisha kompaila changa isiyojua mengi; kompaila hiyo changa hujenga maktaba iitwayo newlib; halafu kwa msaada wa maktaba hiyo hujengwa kompaila kamili. Tulipomwambia kwamba jambo hili linazunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake, alitunyoshea kidole mhunzi aliyekuwa akigonga chuma ng'ambo ya njia. Koleo lake la kushikia chuma cha moto, alitwambia, lilifuliwa kwa koleo jingine. Ni kweli, na ndiyo maana Ken Thompson alionya mwaka 1984 kwamba kusoma msimbo pekee hakutoshi, kwani kompaila iliyoujenga yaweza kuwa imefichwa hila ndani yake. Lakini hayo ni ya wakubwa. Huko Kisenyi tulikuwa na shida za kumbukumbu na za umeme.

Siku ya kwanza aliiamuru kompyuta ifanye kazi nne kwa pamoja, ili amalize upesi. Kompyuta ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 2 tu. Baada ya saa kadhaa kompaila iliuawa katikati ya kazi: Linux ilipoona kumbukumbu imekwisha, ilimchinja mlaji mkubwa kuliko wote. Akatenga sehemu ya diski iwe akiba ya kumbukumbu, akaanza tena kwa kazi moja moja. Sasa ilikwenda kwa mwendo wa konokono, lakini ilikwenda.

Siku ya tatu umeme ulikatika. Betri ya kompyuta ile ilikuwa imekufa zamani, hivyo nayo ikazimika palepale. Kijana hakuhuzunika, kwani programu iitwayo make, ambayo husimamia ujenzi, hutazama saa ya kila faili, ikajua lipi limekwisha jengwa na lipi bado, haianzi mwanzo. Umeme uliporudi aliendelea. Mara ujenzi ukakataa. Akaanza upya, ukakataa palepale. Alipekua msimbo usiku kucha, akidhani faili limeharibika, na asubuhi tulimkuta macho mekundu, akisema kwamba atamrudishia Hajati fedha za transfoma.

Sisi hatujui kompaila, lakini tunajua sentensi. Tuliomba tusome lile kosa. Lilikuwa limeandikwa kwa Kiingereza, na maana yake ni kwamba faili lililoumbwa sasa hivi lina umri mkubwa kuliko mafaili yaliyoletwa, basi itazamwe saa. Tulilisoma mara mbili. Mtoto amezaliwa kabla ya baba yake! Tukatazama pembeni ya kioo: tarehe ilikuwa 1 Januari 2009. Kile kijibetri cha duara kinachoilinda saa ya kompyuta nacho kilikuwa kimekufa, kwa hiyo umeme ulipokatika saa ilirudi nyuma miaka kumi na minne. Kila kitu kilichojengwa baada ya hapo kilionekana kikongwe kuliko msimbo wake, na msimamizi wa ujenzi akakosa kujua nini kilitangulia nini. Kijana alicheka mpaka akakaa chini. Kijibetri kipya kilipatikana duka la tatu kutoka hapo.

Siku ya sita kompaila ilikamilika. Kifurushi cha zana za Pico chenyewe hakikumsumbua sana, isipokuwa palitokea onyo kwamba kifurushi kidogo kilichomo ndani yake, TinyUSB, hakikuletwa. Bila hicho kibao kingefanya kazi lakini kisingeweza kuzungumza na kompyuta kwa waya wa USB. Akakileta. Alishikilia kitufe cha kibao, akachomeka waya, akakidondoshea faili la kwanza. Kitaa kidogo cha kijani kikaanza kuwaka na kuzima. Mtu asiyejua angesema ni jambo dogo.

Hapo ndipo zamu yetu ilipofika. Chombo kilikuwa na kioo cha mistari miwili, herufi 16 kila mstari, na kijana alituomba tuandike maneno ya Kiswahili sanifu. Tulifurahi mno. Tukaandika: AWAMU YA PILI YA UMEME HAIPO. Tukahesabu, zikawa herufi 28 pamoja na nafasi. Tulipokuwa tukifikiri namna ya kuzipunguza, mpagazi mmoja, mwanafunzi wetu, aliuliza kwa heshima: "Mwalimu, awamu ni ile ya Rais wa Tanzania?" Yeye na wenziwe wote walisema fezi. Kiswahili kilifanywa lugha ya taifa Uganda kwa amri mwaka 1973, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Wapagazi wa Kisenyi walikuwa wakikitumia kubebea magunia bila kungoja lolote kati ya hayo. Tulibishana nao kidogo, kwa ajili ya heshima yetu, kisha tukaandika: FEZI 2 HAIPO. Mstari wa pili ukawa MASHINE IMEZIMWA, nao ulijaa herufi 16 kamili.

Mota ilikuwa imekwisha rudi kwa fundi aliyeifunga waya mpya, kwa deni. Jaribio lilifanywa mbele ya Hajati, mashine ikizunguka bila mahindi. Kijana akachomoa fyuzi ya fezi ya pili. Mlio wa mota ukabadilika, ukawa mzito. Sote tukakitazama kioo. Kioo hakikusema neno.

"Zima! Zima, mwanangu, utaniua!" Hajati alipiga ukelele, na mtu akaizima kwa mkono.

Hatutasahau kimya kilichofuata. Kijana aliunganisha kompyuta na kibao kwa ule waya wa USB, akaomba ruhusa ya kurudia kwa sekunde chache tu, na Hajati, baada ya kusoma dua, akakubali. Tarakimu zilionyesha jambo ambalo sisi tusingelikisia: mota inayozunguka huzalisha umeme wake yenyewe katika waya uliokufa, hata fezi isiyokuwapo ikaonekana kama ipo. Programu ilikuwa imeagizwa ikate iwapo fezi itashuka chini ya asilimia 70 ya kawaida, nayo haikushuka kiasi hicho. Ila fezi hiyo ilikuwa imejitenga na wenzake wawili, kidogo lakini bila kurudi.

Jioni hiyo aliandika maagizo mengine: badala ya kuipima kila fezi peke yake, zilinganishwe zenyewe kwa zenyewe. Umeme wa jioni unaponyong'onyea, tatu zote hushuka pamoja, na mashine iachwe isage. Moja ikijitenga kwa sekunde kadhaa, ikatwe. Kazi yote, pamoja na kujenga na kudondosha faili, haikumaliza saa moja. Tulikaa naye tukinywa chai. Hakumwomba mtu ruhusa, wala intaneti haikuhitajika.

Asubuhi fyuzi ilichomolewa tena. Tulihesabu moja, mbili, tatu. Swichi ikaruka kwa kishindo, mota ikapoa mwendo, na yule mpagazi aliyetuuliza habari za awamu akasogea akasoma kioo kwa sauti, silabi kwa silabi, kama afanyavyo darasani. Hajati alimwambia asome tena. Kisha fyuzi ikarudishwa, magunia yakaletwa, na jioni ile tulifundisha tena kwa kupiga kelele.