Karatasi Ipo, Uwanja Uko Wapi?

Ukishuka matatu katika Barabara ya Jogoo na kuingia mtaa wa Kaloleni Jumamosi asubuhi, hutakosa kukutana na kelele za watoto. Mtaa huu wa Eastlands ulijengwa miaka ya 1940, na nyumba zake za chini zimezungukwa na nafasi pana zenye nyasi na miti.

Hapo niliwakuta wasichana wakicheza kati. Wawili walisimama pande mbili wakirushiana mpira, na wa tatu akiruka katikati ili usimpate. Ukimgusa, anatoka na mwenzake anaingia. Ndugu zetu wa Tanzania wana mchezo wa namna hii wauitao rede.

Niliomba niushike mpira wenyewe. Ilikuwa soksi kuukuu iliyoshindiliwa magazeti na kufungwa kwa uzi. Nilicheka, kwani sisi wa zamani kidogo tulitumia juala: moja juu ya nyingine hadi mpira ukanenepa. Tangu tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini, juala ziliadimika. Watoto hawa hawakuketi wakilia. Walitafuta karatasi.

Kutoka Kaloleni nilipanda matatu hadi Umoja kumtembelea rafiki yangu. Huko mambo ni mengine. Miaka ya 1970 mtaa huu ulipojengwa ulikuwa wa nyumba za chini. Leo magorofa yamesongamana, na mtoto anayeishi orofa ya tano uwanja wake ni ngazi.

"Nikimwachilia ashuke, roho yangu haitulii hadi arudi," rafiki yangu aliniambia. "Huko chini ni magari na pikipiki tu."

Basi tulitandaza karatasi za tishu mezani. Nawe msomaji waweza kujaribu. Chukua karatasi 5 zenye ukubwa mmoja, uzipange moja juu ya nyingine. Zikunje mara mbele mara nyuma, kila mkunjo upana wa kidole, hadi upate ukanda mmoja. Funga uzi katikati. Kisha, polepole, inua karatasi moja moja kuelekea katikati. Utapata ua. Karatasi za rangi za shashi hupendeza zaidi, lakini hata tishu ya kawaida yafaa.

Ua likichosha, chana kipande chepesi, kirushe juu, na watoto wakipulize kisianguke. Anayekiacha kitue sakafuni ametoka. Mchezo huu hautaki nafasi kubwa wala hauvunji glasi.

Mtoto wa rafiki yangu, msichana wa miaka 6, alicheka hadi akakaa chini. Halafu akasogea dirishani na kuniuliza, "Anti, huko kwenu kuna nyasi?"

Sikuwa na jibu zuri. Karatasi hutufaa siku ya mvua na siku mama anapochelewa kazini, lakini haiwezi kuwa badala ya mahali pa kukimbilia. Juala zilipokwisha, watoto walipata soksi na magazeti. Uwanja ukishajengwa, hakuna cha kuushonea mwingine.

Wazazi, Jumapili ya leo keti na mwanao mtengeneze ua. Na kama mtaani kwenu kungali na kiwanja, hata kiwe kidogo namna gani, kilindeni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo waweza kuwa wa gorofa jingine.