Ganda la Sindano

Nyanya yangu wa Bomeni huweka sindano zake kwenye ganda la risasi. Babu yake aliliokota Salaita, pale Waafrika Kusini walipochapwa na Wajerumani tarehe 12 Februari 1916. Jamaa anayenunua vitu vya kale alinitext: hiyo ni .303 tu, mia tano. Nikapima mdomo kwa rula. Milimita 11! Ya .303 haifiki 8. Hii yaelekea ni Mauser ya 1871, kuukuu hata wakati ule, ile walipewa askari weusi wa Mjerumani. Ikilia, wingu la moshi linakuchoma ulipojificha. Jamaa akapanda hadi elfu tatu. Na kodi ya nyumba ilikuwa inanidai, siwadanganyi.

“Uza tu,” Nyanya alisema, akimwaga sindano kiganjani. “Lakini muulize, mshahara wa babu umo? Alibeba mizigo yao, wakamwacha bure.”

Bado sijamjibu.