Nyungu ya Uani

Kipupwe kikiingia, mwezi wa sita na wa saba, mtaa wetu wa Ukonga wote ulikuwa na mafua. Sisi watoto tulilala vinywa wazi kwa kuwa pua hazikupitisha hewa. Dawa haikununuliwa. Bibi, Mzaramo wa Kisarawe aliyekuwa akiishi nasi, alizunguka uani tu, akachuma majani ya mlimao, ya mpera na ya mwarobaini, akakata mchaichai uliostawi penye maji ya bafuni. Kivumbasi kilijiotea chenyewe kando ya michongoma.

Vyote vilichemshwa pamoja, na sufuria haikufunuliwa mpaka umeshakaa kwenye kigoda, blanketi liko begani. Bibi aliibana kwa matofali mawili, goti la mtoto lisije likaipindua. Akapitisha mkono wake juu ya mvuke. Ukimuunguza, alisubiri. Ndipo akatufunika, naye asibanduke pale. “Vuta kwa pua, mjukuu wangu. Taratibu.” Mle ndani ni giza na ukali wa mlimao, jasho linachuruzika mpaka kwenye kope, mara tundu moja la pua linazibuka, na la pili linafuata. Ulifutwa kwa kanga, ukapewa chai ya tangawizi, ukakatazwa kutoka nje usipigwe na upepo. Usingizi wa usiku huo ulikuwa mtamu.

Hakuna aliyeona muujiza hapo. Bibi mwenyewe alisema mafua huondoka yakichoka. Nyungu, yaani huko kujifukiza, ni ya kukupa usingizi. Wataalamu hawako mbali naye. Pua huziba zaidi kwa sababu utando wa ndani umevimba, mishipa yake ikajaa damu, kuliko kwa wingi wa kamasi. Mvuke hulegeza kamasi na kuleta nafuu ya muda, lakini hauui virusi vya mafua.

Kilichotangulia kubadilika ni ua. Viwanja viligawanywa, vyumba vya kupangisha vikasogea hadi ukutani, mbele zikajengwa fremu za maduka. Mlimao wetu ulikatwa kupisha choo cha wapangaji, kisha ikafika zamu ya mwarobaini. Mafua yakahamia dukani: kopo la Vicks na vidonge vya kununua viwili viwili. Watoto wa miaka hiyo waliujua mlimao kwa tunda lake tu.

Halafu ukaja mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania alitangazwa Machi 16, na haukupita muda Rais Magufuli akawa anahimiza watu wajifukize. Hospitali ya Taifa Muhimbili ikaweka vibanda vya kujifukizia. NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ikatoa dawa ya kunywa iitwayo NIMRCAF. Februari 2021 Waziri wa Afya, Dk. Dorothy Gwajima, alionyesha mbele ya waandishi wa habari namna ya kusaga tangawizi, vitunguu, malimao na pilipili. Kwetu Ukonga, kwenye kituo cha daladala kiitwacho Mombasa, mafungu ya mkaratusi na mchaichai yalipangwa chini kando ya ndizi, na watu waliyagombania.

Nilifurahi kuona vijana wakiuliza majina ya majani. Niliumia pia, kwa sababu nyungu ilitwishwa mzigo ambao bibi hakuwahi kuitwisha. Mtu aliyebanwa kifua, wa kuwekewa oksijeni, alifunikwa blanketi nyumbani, na ndugu wakaamini wamemtibu.

Julai 28, 2021 Rais Samia alichanjwa hadharani, chanjo zikaanza kutolewa nchini, na mafungu ya majani yakapungua kituoni. Sasa wapo wanaoona haya hata kuitaja nyungu. Hilo nalo si haki. Kwa mtu mzima aliyeziba pua, mvuke wa mchaichai bado unafaa, na mchaichai hauhitaji kiwanja: wangu umeota kwenye ndoo iliyopasuka, mlangoni.

Ila tusiweke maji ya moto karibu na mtoto mdogo, maana sufuria ikipinduka humuunguza vibaya. Pua yake inatosha kusafishwa kwa matone ya maji ya chumvi kutoka duka la dawa. Na anayepumua kwa shida, awe mtoto au mzee, msimfunike blanketi. Mpelekeni hospitali.