Nasaha kwa Mwana wa Ndugu Yangu

Mwanangu mpenzi,

Nakuandikia khabari ambayo wanaume wa rika langu wameizoea kuisitiri kwa haya, hata ikawaangamiza wengi wao. Marehemu baba yako alipatwa na saratani ya tezi dume, nawe sasa umetimiza miaka 50; na kwa kuwa maradhi haya huwaelekea zaidi wale ambao baba zao au ndugu zao waliugua, na sisi watu weusi kuliko wengine, haikufalii kungoja dalili, kwani mwanzoni hayaumi wala hayana alama, na yakija kuuma mifupa ya kiuno na mgongo, huwa yamekwisha enea.

Kupimwa kwenyewe si kuzito. Huchukuliwa damu kidogo ikatazamwa kiasi cha PSA, protini itokayo katika tezi hiyo. Na pengine tabibu, akiisha kuvaa glavu na kuipaka mafuta ya kuteleza, hupitisha kidole njia ya nyuma akaipapasa tezi, ajue kama ni laini au ina vinundu vigumu, jambo lisilotimia hata dakika moja. Stahamili, wala usidhani kwamba murua wa mtu huharibikia hapo. Nayo PSA ikizidi usitaharuki, maana huzidi vilevile kwa uvimbe wa uzee usio saratani, au kwa maambukizo ya njia ya mkojo. Yakini hupatikana kwa kutoa vinyama kwa sindano na kuvitazama kwa hadubini, vikapewa daraja ya Gleason, ambayo 6 ni ugonjwa mpole na 10 ni mkali kabisa.

Ukiwa mpole, nao haujatoka tezini, yamkini ukaambiwa ukae katika uangalizi, upimwe mara kwa mara pasipo kukatwa. Ukiwa mkali zaidi, iko operesheni ya kuiondoa tezi yote, au mionzi, kama itolewavyo katika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Na ukiisha enea, hutumika dawa za kuikomesha homoni ya kiume, au hutolewa korodani, njia ambayo tabibu Charles Huggins aliibainisha mwaka 1941. Kila tiba ina taabu zake: operesheni huweza kudhoofisha nguvu za kiume na uwezo wa kuuzuia mkojo, mionzi husumbua utumbo, na kukosa homoni hudhoofisha mifupa. Huko Uingereza walifuatiliwa wanaume 1,643 ambao ugonjwa wao haukutoka tezini, wengine wakiangaliwa tu, wengine wakipasuliwa, wengine wakipewa mionzi. Na baada ya miaka kama 15 waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa 45, bila ya makundi kupitana sana, ingawa walioangaliwa tu ndio walioenewa zaidi.

Basi usikikimbilie kisu wala usikikimbie: jua kwanza hali yako, kisha keti na mkeo na tabibu mshauriane. Nenda ukapimwe mwezi huu, uniletee jawabu.

Wasalaam,
Ami yako