Imeganda au Huganda?

Wiki moja kabla ya mitihani niliibadilisha mwenyewe prosesa ya kompyuta yangu ya mezani hapa Kampala: nikatoa Core 2 Duo, nikaweka Core 2 Quad. Jioni hiyo hiyo mashine ikaganda, maswali ya mtihani yakiwa hayajahifadhiwa. Nikampigia simu fundi, mwenyeji wa Mombasa, nikamwambia, "Imeganda." Akaniagiza niizime, kisha niiwashe. Kwa siku tatu nilimpelekea sentensi ile ile, naye akanirudishia jibu lile lile.

Siku ya nne akauliza, "Mwalimu, imeganda au huganda?"

Niliona haya. Miye nifundishaye kwamba -me- huonyesha tendo lililotimia na hali yake ikabaki, ilhali hu- huonyesha mazoea, nilikuwa nimempa hali nikamnyima mazoea. Nikaketi mbele ya mashine, saa mkononi. "Huganda dakika kumi baada ya kuwashwa," nikamweleza, "lakini ikipumzishwa huwaka vizuri."

"Basi hilo ni joto."

Prosesa ya kwanza ilikuwa ya wati 65, ya pili wati 95, nami niliifunga chini ya feni ile ile ndogo. Tulipofungua tukakuta dawa ya kupitishia joto imekauka. Aliyesahau kuipaka upya ni mimi. Akasafisha, akapaka nyingine, akafunga feni kubwa zaidi. (Malipo yake siyataji.) Haijaganda tena. Maswali mawili ya sarufi sikuyapata. Niliyatunga upya usiku huo, na moja likawa la hu-.